Tanzia ya Kapu la Mlimani

Kwa majonzi makubwa tunawatangazia ndugu, jamaa na marafiki popote walipo kifo cha Kapu la Mlimani, mwenyeji wa kijiji cha Iitate, mkoani Fukushima, kaskazini-mashariki mwa Japani. Marehemu alianza kuugua jioni ya Jumanne, 15 Machi 2011, mvua ilipogeuka theluji. Aliugua miaka mingi kabla ya kukata roho, na hakuna tabibu aliyeandika siku wala saa. Hakuzikwa. Ameacha milima, na milima ingali ya kijani.

Nasema kapu, lakini aliyefariki ni desturi nzima: kupanda msituni kuchuma majani, machipukizi na uyoga, kushuka navyo, kuvisafisha, kuvikausha au kuvitia chumvi, na juu ya yote kuvigawa. Umri wake haujulikani. Alikuwapo kabla ya vijiji viwili vya zamani kuunganishwa mwaka 1956 na kupewa jina la Iitate, na alikuwapo kabla ya barabara na umeme.

Kijiji chenyewe kiko kwenye nyanda za juu za Abukuma, mita 400 hadi 600 kutoka usawa wa bahari, na takriban robo tatu ya ardhi yake ni msitu. Kabla ya msiba kilikuwa na watu kama 6,000 katika vitongoji 20. Ni nchi ya baridi. Kuna miaka ambapo upepo wa bahari huvuma wakati wa kiangazi na mpunga ukakataa kuiva. Mwaka 1993 ulikuwa mmoja wao, kote kaskazini mwa Japani. Watu wa Iitate walitafuta njia nyingine: wakafuga ng'ombe wa nyama hadi nyama yao ikapata jina masokoni, wakapanda maua na mboga zinazopenda ubaridi. Mwaka 2010 kijiji kilipokelewa katika umoja wa vijiji vizuri kuliko vyote Japani. Lakini mashamba yalipogoma, mlima haukugoma, na kila nyumba ililijua hilo.

Mwaka wa marehemu ulianza theluji ikiyeyuka. Vichwa vya mmea uitwao fuki vilichomoza vya kwanza, vichungu, vikaangwa au kusagwa na miso, kiungo cha soya iliyochachushwa. Kisha likaja chipukizi la mti wa miiba liitwalo taranome, na la mti mwingine, koshiabura, ambalo wengi waliliita tamu kuliko yote. Kisha kangaga za aina mbili. Warabi ililazwa usiku kucha katika maji ya moto yaliyotiwa majivu ya jikoni ili uchungu utoke. Zenmai ilichemshwa, ikaanikwa juani, ikasuguliwa kwa viganja mara kwa mara hadi ikasinyaa na kuwa nyeusi, tayari kukaa mwaka mzima. Kazi hiyo ya kusugua ilikuwa ya bibi, na mjukuu aliyekaa karibu alijifunza bila kufundishwa.

Vuli ilikuwa msimu wa uyoga. Chini ya misonobari myekundu uliota matsutake, uyoga wa thamani kubwa Japani. Katika vilima hivi, hata hivyo, wenyeji wengi waliuenzi zaidi inohana, uyoga mkubwa mweusi wenye magamba. Ukikaushwa harufu yake huongezeka, na ukipikwa na wali, mgeni hujua kwamba nyumba hiyo ina sherehe. Kisha baridi kali ilipoingia, mchele wa kunata ulitwangwa pamoja na majani ya porini, ukakatwa vipande, ukafungwa kwa nyasi za mpunga na kuning'inizwa upenuni. Usiku viliganda, mchana viliyeyuka, usiku vikaganda tena, mpaka vikawa vikavu na vyepesi, akiba ya wakati wa kulima.

Mahali pa matsutake palikuwa siri. Kote Japani husemwa kwamba mtu haonyeshi mahali pake hata kwa mwanawe, na kwamba siri hiyo huachwa karibu na kifo. Kwa hiyo ramani ya kweli ya milima ya Iitate haikuwa ofisini. Ilikuwa katika vichwa vya wazee, vipande vipande, kila mmoja na kilima chake. Kila mmoja alijua ni mteremko gani theluji huondoka mapema, ni msonobari upi, ni siku ngapi baada ya mvua ipi.

Wachumaji wa chakula cha porini wako dunia nzima. Wa Iitate walikuwa na hili: walichuma kingi kuliko walichoweza kula, kwa makusudi. Kapu lilijazwa kwa hesabu ya nyumba. Hiki cha kwetu, hiki cha jirani mjane, hiki cha yule aliyetusaidia kuvuna, hiki kitiwe katika boksi na kutumwa kwa watoto walioko Sendai au Tokyo. Jirani naye hakukaa kimya. Baada ya siku chache alifika na figili, mayai au chupa ya kitu alichokitengeneza. Msomaji wa pwani hatahitaji maelezo marefu. Ni sahani ya futari inayovuka ua mwezi wa Ramadhani, na hairudi tupu. Kwa njia hii watu wenye kipato kidogo cha fedha waliishi maisha yasiyo ya kimaskini, na mzee wa miaka 80 aliyeishi peke yake alikuwa na jambo la kumpa mtu. Kitu cha kumpa mtu ndicho kilichomfanya aamke alfajiri.

Sasa tuseme alivyouawa.

Ijumaa, 11 Machi 2011, tetemeko la ukubwa wa 9.0 lilitikisa bahari mashariki mwa Japani, na tsunami ikaingia katika kituo cha umeme wa nyuklia cha Fukushima Daiichi, mali ya kampuni ya Tepco. Umeme wa kupoza vinu ulikatika, na katika siku zilizofuata vinu vitatu viliyeyuka ndani. Iitate iko zaidi ya kilomita 30 kaskazini-magharibi, kwa sehemu kubwa nje ya maeneo yote yaliyotajwa kuwa ya hatari. Tena kituo hakikuwa chake. Kilijengwa katika miji ya pwani ya Okuma na Futaba, na umeme wake ulikwenda Tokyo na mikoa inayoizunguka; taa za Iitate ziliwashwa na kampuni nyingine. Wanakijiji walijiona watu walionusurika, na walionusurika hufanya yanayowapasa. Walifungua majengo yao kwa wakimbizi waliopanda kutoka pwani, wakawapikia, wakawakandia wali kwa mikono, wakatoa mboga walizokuwa nazo.

Tarehe 15 upepo uligeuka, ukabeba wingu la mionzi kuelekea kaskazini-magharibi, na mvua na theluji zikalishusha juu ya Abukuma. Saa kumi na mbili na dakika 20 jioni kipimo kilichokuwa kijijini kilisoma maikrosiveti 44.7 kwa saa, mahali ambapo kawaida hakifiki hata 0.1. Siku tano baadaye maji ya bomba yalipimwa na kukutwa na bekereli 965 za iodini ya mionzi kwa kila kilo, wakati kikomo cha mtu mzima kilikuwa 300. Mwishoni mwa Machi mwanasayansi Imanaka Tetsuji wa Chuo Kikuu cha Kyoto na wenzake walizunguka kijiji na vipimo vyao, na Shirika la Kimataifa la Nishati ya Atomiki likatamka kwamba udongo wa Iitate umepita kiwango chake cha kuhamisha watu. Hata hivyo amri ya serikali ya kuhama ilitoka tarehe 22 Aprili. Zaidi ya mwezi mmoja kulikuwa na watoto wa Iitate, na kwa muda watoto wa pwani waliokimbilia huko, walioishi chini ya kile kilichoanguka na theluji. Sioni namna ya kulisamehe hilo kwa niaba yao.

Ng'ombe waliuzwa au kuchinjwa. Kaya zilizokuwa na vizazi vitatu chini ya paa moja ziligawanyika: babu na bibi katika vyumba vya muda, wazazi na watoto katika nyumba ya kupanga mji mwingine. Wazee wapatao 100 wa nyumba ya kulelea wazee waliruhusiwa kubaki, kwa sababu ilionekana kwamba safari ingeweza kuwaua, na wahudumu wakawa wanakuja kazini katika kijiji kitupu. Hofu hiyo haikuwa ya bure: katika mkoa wa Fukushima watu zaidi ya 2,300 wamehesabiwa kufa kutokana na taabu za kuhamishwa na kukaa ugenini, wengi kuliko waliouawa mkoani humo na tetemeko na tsunami vyenyewe.

Serikali iliahidi kukisafisha kijiji, na kazi iliyofanyika ni kubwa. Mashamba yalikwanguliwa sentimita 5 za juu, udongo ambao vizazi vilikuwa vimeurutubisha kwa samadi, ukatiwa katika magunia makubwa meusi yaliyopangwa ghorofa kwa ghorofa kando ya barabara. Kutoka mkoa mzima takriban mita za ujazo milioni 14 za udongo na taka zimepelekwa kwenye ghala la muda huko Okuma na Futaba, na sheria inasema zitolewe nje ya Fukushima kabla ya Machi 2045. Tarehe 31 Machi 2017 amri ya kuhama iliondolewa Iitate yote isipokuwa kitongoji cha Nagadoro, ambacho sehemu yake ilifunguliwa Mei 2023.

Lakini msitu haukusafishwa. Ulisafishwa ukingo wa mita 20 kutoka kwenye nyumba, basi. Huwezi kukwangua milima. Ukiondoa tabaka la majani yaliyooza, mvua itashuka na mlima wote. Humo ndimo marehemu alimokuwa akiishi, na humo ndimo ilimobaki sesiamu, ile sumu ya mionzi iliyoanguka na theluji. Sesiamu-137 hupungua nusu kila baada ya miaka 30, hivyo mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa Machi atakuwa mtu mzima wa miaka 30 siku itakayokuwa imebaki nusu. Kwa mimea, sesiamu hufanana na potasiamu. Mkulima wa mpunga ameweza kujikinga kwa kumwaga mbolea ya potasiamu shambani, mpunga ukashiba na kuiacha sesiamu, na mchele wa Fukushima leo ni salama. Anayeukataa anamwonea mkulima huyo. Msituni hakuna mwenye kumwaga mbolea. Majani huanguka na sesiamu, huoza, nyuzi za uyoga huinyonya, mizizi ya juujuu huirudisha matawini, na majani huanguka tena. Koshiabura, lile chipukizi tamu, ndilo lililoonekana kuivuta kuliko karibu mboga nyingine zote za porini: hupimwa na kukutwa na maelfu ya bekereli kwa kilo, na kikomo cha kisheria cha chakula tangu Aprili 2012 ni 100.

Hata majivu yaliharibika. Kuni za msituni zikichomwa, sesiamu haiondoki na moshi wote. Hujikusanya katika majivu, kiasi kwamba majivu ya baadhi ya majiko yalikutwa yanastahili kushughulikiwa kama taka za mionzi. Majivu yale yale ambayo bibi aliyatumia kutoa uchungu wa kangaga.

Wilaya na vijiji viliweka vituo ambapo mtu hupeleka chakula chake kupimwa bure. Ni huduma njema, na watumishi wake wanastahili shukrani. Lakini fikirini namna ilivyokuwa katika miaka ya mwanzo. Ili kupima, chakula sharti kikatwekatwe na kujazwa katika chombo cha kipimo, nusu kilo au zaidi. Mtu alileta matsutake mzima, mbichi, wenye udongo wa mlima wake miguuni, akaukatakata kwa kisu mpaka ukawa vipande vidogo, ili aambiwe namba. Baadaye zilikuja mashine zisizohitaji kukata. Kwa wengi zilikuja wakati kapu limekwisha kutundikwa.

Wapo wanaosema tanzia hii imetiwa chumvi. Mionzi ya Iitate imeshuka sana, watasema, na mzee wa miaka 75 akila mlo mmoja wa uyoga wa mlimani hatari yake ni ndogo mno kulinganisha na sigara au kukaa bila kutembea. Ni kweli. Wazee wengine waliorudi wanakula. Wamepima, wamejua namba, wamechemsha na kumwaga maji, wamekula kwa hiari yao, na hakuna mwenye haki ya kuwacheka wala kuwakataza.

Lakini mzee huyo hampi mtu. Hili ndilo lililonifanya niandike. Anaweza kuupakua uyoga katika bakuli lake mwenyewe. Hawezi kuupakua katika bakuli la mjukuu. Hawezi kupiga hodi kwa jirani na kapu mkononi, kwa sababu jirani atalazimika ama kulipokea na kwenda kulitupa, ama kulikataa na kumfedhehesha. Hawezi kutuma boksi Tokyo, kwa maana binti atalifungua na kuogopa, na kisha ataona haya kusema kwamba ameogopa. Hivyo hupanda mlimani peke yake, akachuma kidogo, akala peke yake. Kula kumebaki, kupeana ndiko kulikokufa. Wala hakuna ufagio wala buldoza ya kukisafisha kitu kama hicho, kwa kuwa kilichochafuka si uyoga tu, ni uso wa mtu mbele ya jirani yake.

Fidia ililipwa, na kwa baadhi ya familia haikuwa ndogo: ya nyumba, ya ardhi, ya vyombo, na yeni 100,000 kwa mwezi kwa kila mtu kwa mateso ya moyo. Baadaye mahakama kadhaa zilianza kukubali kwamba hata kupoteza maisha ya nyumbani kwenu ni hasara inayopaswa kulipwa. Namshukuru kila wakili na kila mwanakijiji aliyefika kortini kulidai hilo. Hata hivyo kitu kilichotolewa bure miaka 50 hakina stakabadhi. Ukiulizwa thamani ya zawadi ulizompa jirani, utaandika nini?

Marehemu ameacha warithi wachache na urithi usiofikika. Wanaoishi Iitate sasa ni kama 1,500, wengi wao wazee, pamoja na wageni wachache wenye moyo waliohamia kutoka miji mingine. Shule moja iliyounganisha madarasa yote ilifunguliwa Aprili 2020, na wanafunzi wengi huletwa kwa basi kutoka nje ya kijiji. Hao watoto hujifunza kuhusu mlima wakiutazama dirishani. Wenye siri za matsutake wanakufa, na siri hawaziachi, kwa sababu kumwonyesha mwanao mahali ambapo hapaswi kuchuma ni kumrithisha tamaa tu. Nguruwe mwitu na nyani wamezoea njia ambazo watu waliziacha. Vilima vya Abukuma vilikuwa pia chimbuko la magogo ya mwaloni yanayooteshewa uyoga wa shiitake katika sehemu nyingi za Japani. Mti ulikatwa, kisiki kikachipua, na baada ya miaka kama 20 ukakatwa tena. Mwaloni usiokatwa kwa wakati huzeeka, na mzunguko huo, uliotunzwa na baba kwa ajili ya mwana, umekatika kwa sababu ya sesiamu.

Jamaa wa marehemu wako mbali na Iitate pia. Uyoga wa porini ulipigwa marufuku kuuzwa hata chini ya mlima Fuji, kilomita kama 300 kutoka kwenye vinu. Huko Bavaria, Ujerumani, nyama ya nguruwe mwitu ingali inapimwa kwa sababu ya Chernobyl, ajali ya mwaka 1986.

Msibani kwetu waombolezaji hufarijiana kwa kusema kazi ya Mungu haina makosa. Katika msiba huu neno hilo lisitumike. Tetemeko lilikuwa la Mungu, lakini mwaka 2008 hesabu za ndani za Tepco zilikwisha kuonyesha kwamba wimbi la hadi mita 15.7 lingeweza kufika kituoni, na ukuta haukujengwa. Julai 2012 tume huru ya bunge la Japani, chini ya mwenyekiti wake Kurokawa Kiyoshi, ilitamka kwamba ajali ilisababishwa na wanadamu na ingeweza kuzuiwa. Hata hivyo Juni 2022 Mahakama ya Juu ilisema serikali haiwajibiki kulipa fidia, na Machi 2025 ikathibitisha kuachiwa huru kwa waliokuwa wakuu wa kampuni. Hakuna aliyefungwa.

Kwenu ninyi wa Uyombo na Siaya, nchini Kenya, na wengine wote wa Afrika Mashariki mtakaoitwa kwenye mikutano ya kuelezwa faida za kinu cha nyuklia: nendeni, na msikilize kwa heshima, kwa kuwa haja ya umeme ni ya kweli. Mtaonyeshwa ajira, barabara na shule. Utakapofika wakati wa maswali, ulizeni umeme utakwenda wapi na upepo huvuma kuelekea wapi. Ulizeni ni nani aliyeorodhesha asali, samaki, kaa, mboga za porini na kila kitu mnachopeana bila kuuziana, na ulizeni kimeandikwa katika ukurasa gani. Kama hakijaandikwa, msitie sahihi mpaka kiandikwe.